Mstari wa Tano

Betri tulizianika juu ya bati, Soweto ya Mbeya,
jua la Julai likijivuta nyuma ya Loleza.
Kaseti ilitoka Tunduma ndani ya robota la mitumba,
haina jalada, haina jina.
Ukanda ulipokatika
tuliuunga kwa rangi ya kucha ya dada Tusajigwe.
Maneno yake hatukuyaelewa hata nusu.
Hasira tuliielewa yote.

Ambakisye akaandika yake, nyuma ya daftari la Kemia:
bei ya mbolea, karo,
mgambo waliomwaga nyanya za mama yake Mwanjelwa.
Ngoma ilikuwa ndoo na vifua vyetu.
Alighani huku mvuke ukimtoka mdomoni,
tukaapa kwamba tunayaona maneno.

Leo mwanawe Lusekelo ana studio chumbani:
godoro ukutani, mdundo kaununua kwa simu,
sauti imenyooshwa kama shati la harusi.
Anaimba gari asilonalo.
Baridi haimo.
Nilitaka kucheka, nikakumbuka kofia zetu
tulizozigeuza kisogoni
tukijiita watoto wa mtaa
ambao hakuna kati yetu aliyejua uko wapi kwenye ramani.

Daftari? Bibi yake alilifungia karanga,
ukurasa kwa ukurasa, stendi ya Kabwe.
Mji uliyala yale mashairi na chumvi.

Jana kaniuliza:
baba alisemaje kuhusu zile nyanya?
Nikampa mistari minne. Wa tano sikuupata.
Akazima ile mashine ya kunyoosha sauti,
akanisogezea maiki.
“Wa tano,” akasema, “pumua tu.”