Kandambili ya Fundi Mbonea

Mashine yetu hapa Pasua ina msasa wa aina mbili:
mkanda unakimbia, sahani inazunguka,
mota moja inawalisha wote.
Nilidhani ni ndugu wa tabia moja. Siyo.

Mkanda ni mvutaji.
Mpe ubao bila kuuegemeza kwenye kizuizi
atautupa mpaka kwa mama Nakijwa, ng'ambo ya mtaro.
Niliwahi kufuata mguu wa stuli ndani ya beseni lake,
nikaomba radhi,
nikalipia ndizi tano zilizopondeka.

Sahani upande mmoja inashuka, upande mmoja inapanda.
"Fanya kazi inaposhuka," alisema fundi, "meza ikupokee.
Inapopanda, kipande kitakurudia usoni."
Hakurudia. Mtu wa Usangi,
hata maneno aliyaweka akiba.

Siku ya kwanza alinivua glovu.
Nywele zote ndani ya kilemba, barakoa puani,
mikono ya shati juu ya kiwiko.
Pengo la meza na sahani alilipima kwa sarafu:
ikizama, sogeza meza.

Kisha ile Jumanne, umeme ukakatika.
Redio ya kinyozi ikafa katikati ya tangazo la msiba.
Kijiti kilikuwa kimenasa chini ya mkanda,
nikaingiza kidole.
Swichi sikuizima. Ya nini, na umeme haupo?

Ulirudi bila kubisha hodi.

Ukucha wa shahada ulipoota tena
uliota umepinda,
kama mtu anayegeuka kuangalia alikotoka.
Fundi hakunigombeza. Kesho yake nilikuta juu ya swichi,
kwa penseli nene ya seremala:
UMEME UKIENDA, NIZIME.

Sasa maandishi yamefifia, nayakoleza mwenyewe kila mwezi.
Plagi naichomoa kabla ya kubadili mkanda,
naiweka benchini, mbele ya macho.
Mshale wa mgongoni uelekee mkanda unakokimbilia,
la sivyo kiungo kitafumuka.
Nazungusha kwa mkono, natazama unahamia wapi,
robo ya skrubu, tena kidogo, hapo.
Chuma sikinoi hapa: mfuko umejaa vumbi la mgrivea,
na cheche moja haina haraka,
inaweza kungoja mpaka tumelala.

Msonobari una utomvu. Mkanda ukiziba
unanuka sukari iliyoungua, unachoma badala ya kulainisha.
Dawa yake ni raba.
Naikandamiza kandambili, mkanda unanguruma,
unatema uchafu, unarudi mwekundu.

Fundi alituacha wakati wa masika.
Wanawe walichukua randa, timazi, koti la baridi.
Kandambili waliziacha pale mlangoni.
Ya kushoto imebaki kisigino.
Ya kulia sijaigusa.

Leo Kundaeli, mwanagenzi mpya,
kauliza ile kandambili moja msumarini ni ya nani.
Nikamwambia,
vua glovu kwanza.