Mieleka, Chaani

Ulingo ni magodoro manne na kamba ya kuanikia nguo,
taa moja, na jenereta linalokohoa kama lina pumu.
Kiingilio hamsini. Watoto wamepanda ukutani, bure.

"Simbaaa wa Miritini!" Shekue apaza, spika ikikwaruza,
naye Chengo aingia na kinyago cha gunia la unga,
kifua kimeng'ara mafuta ya nazi.
Mchana hutengeneza friji.
Kila mtu amjua, na kila mtu ajifanya hamjui.

Mimi ndiye mbaya wao. Nalipwa nizomewe.
Natema vitisho, naangushwa, napigwa kabari,
na humo ndani ya kabari, sikioni, aninong'oneza:
"Goti vipi leo? Nikurushe kushoto?"
"Kushoto," namjibu, kisha napiga yowe.

Mabati yatetemeka kwa kelele.
Bibi wa viazi karai avua ndara, airusha:
"Muue! Muue hayawani huyo!"
Yanipata ya shavu. Hiyo haikuwa kwenye mapatano.

Nyuma ya pazia twagawana mia nane
na kipande kimoja cha barafu.
Bibi aja, mguu mmoja mtupu, kudai ndara yake;
aniachia viazi vitano, na pilipili kando.
"Kula, mwanangu. Ijumaa nije tena nikuapize."