Kinga na Kinga

Kichaka hiki huku Galisia tunakiita tosho,
nacho hakijui kutosha.
Kilianzia kwa Avelino, aliyekwenda Basel kupaka rangi kuta za watu
akaliacha shamba kama mtu anavyoacha mlango wazi
akisema narudi sasa hivi.
Miaka kumi na tisa.
Tosho limeruka ukuta wa mawe, limemeza kisima,
na mwezi wa tatu linachanua manjano, bahari nyuma yake,
watalii wakasimamisha magari wapige picha.
Sisi tunaokaa hapa tunanusa mafuta ndani ya miiba.

Zamani lilikuwa na kazi. Mama alilikata kwa mundu,
ng'ombe wakalilalia, likawa samadi,
likawasha tanuri la mkate kila Jumamosi.
Farasi wa mlimani waliota masharubu,
masharubu kweli, kama ya karani wa forodha,
ili walitafune bila kuchomwa midomo.
Watu wakaondoka. Farasi wakauzwa.
Kisicholiwa kikaanza kungoja kula.

Akaja binti wa zimamoto, Sabela,
na futi kamba na viatu vizito.
Nilimwandalia kahawa, hakuketi.
Alipanda ngazi, akachota kwenye mfereji wa paa
majani ya mkaratusi, makavu kama biskuti,
akayaweka mezani kando ya sukari.
"Moto hauji kwa miguu tu, Bi Erundina.
Hutanguliza cheche. Cheche hutafuta kitanda,
nawe umeitandikia."
Akanionyesha tundu la dari lisilo na wavu,
mkeka wa mlangoni, viti vya plastiki,
kisha akafika ukuta wa jiko, akanyamaza.

Kuni za Amancio.

Alizipanga mwenyewe, Oktoba ile ya mwisho,
akihema, akikataa msaada,
kila gogo gamba juu, ncha zimelingana
kama vitabu vya mtu asiyejua kusoma
lakini anayeheshimu vitabu.
Misimu mitatu ya baridi nimenunua gesi
nisiziguse.
"Mita kumi kutoka nyumbani," Sabela alisema,
akitazama viatu vyake.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
nami kinga zangu nilikuwa nimeziegemeza
kwenye ukuta ninaoulalia.
Kuzitenga ndiyo kinga.

Nilimpigia Avelino. Akasema picha ya maua yale
iko kwenye mlango wa friji yake, nisiyakate.
Nikamwambia: basi njoo uyamwagilie.
Kimya. Kisha nikasikia mtu akipenga kamasi huko Basel.
Alilipa fundi mwenye mashine, pakafyekwa hadi kisimani.
Aliomba kibakie kichaka kimoja, kando ya lango la chini,
mbali na kila kitu.
Kimebaki. Kinanichania soksi.

Kuni nilihamisha mwenyewe. Toroli moja, gurudumu linalia.
Siku nne. Kati ya safu ya tano na ya sita
nikakuta glavu yake ya kushoto,
imekauka katika umbo la kushika.
Sikulia. Nilisema, "Kumbe ilikuwa huku,
na ulinilaumu mimi."

Rundo langu limepinda. Angecheka.
Ukutani pamebaki mstatili mweupe
usiojua jua; sijaupaka rangi.

Sasa ni Agosti. Upepo wa kaskazini-mashariki umeamka,
nyuma ya kilima kuna moshi, wa nani sijui.
Mpira wa maji umeunganishwa,
mkoba uko mlangoni: dawa, hati ya nyumba, glavu moja.
Usiku natoka na tochi, nahesabu hatua hadi kwenye kuni.
Kumi na nne.
Narudi, nahesabu tena, maana miguu yangu ni mifupi
na Sabela hakusema hatua za nani.