Paspoti Saizi

Mchana nawapiga watu paspoti saizi
pale Keko, kibanda cha bati, pazia la bluu nyuma yao.
Vua kofia. Nyanyua kidevu. Usicheke.
Tazama hapa, baba. Hapa, kwenye kidole changu.
Wote wanapepesa.

Alfajiri ni yangu mwenyewe.
Saa kumi na robo natoka, begi mgongoni,
mguu wa kamera nimeuviringishia kanga ya marehemu mama
usije ukalia chuma ukaamsha mbwa wa Kurasini.
Lenzi ni ya Mtaa wa Kongo, mkono wa tatu,
ukungu umeila pembeni kama mtoto wa jicho,
lakini katikati inaona.

Ghala la katani. Mlango umebaki bawaba.
Ndani bado pananuka magunia
na kitu kingine, kikali, kutoka juu ya boriti.
Mlinzi, Chaurembo, siku ya kwanza aliniuliza:
"Dada, umetumwa na nani?"
Sijatumwa, nikasema. Hakuamini.
Nani amfuate bundi kwa hiari yake?
Kwao Kisarawe, akilia juu ya paa,
bibi yake alikuwa akitupa chumvi motoni,
na kukipambazuka watu wakihesabiana.

Shangazi Mwanamvua naye anaapa
kuwa usiku ule alimsikia.
Mimi ndiye niliyekuwepo, wadi namba nne,
nimeshika mkono unaopoa.
Nilisikiliza sana.
Palikuwa na feni tu, ikigonga kila mzunguko.

Leo ni wiki ya tano. Nimekaa juu ya debe,
mbu wananijua kwa jina.
Meli inanguruma gatini, mara moja, kwa kirefu.
Adhana inaanza Temeke, inadakwa na Mtoni,
ya tatu imechelewa, mwadhini anakohoa kwenye kipaza sauti.
Sina flashi. Jicho linaloona gizani
si la kumwagia jua.
Nangoja mwanga wa kwenye matundu ya bati,
unaingia kwa kupimwa, kama sukari ya dukani.

Kisha, bila sauti
(hata kusema "bila sauti" ni makelele)
yupo.
Sikumwona akitua. Palikuwa na boriti,
sasa pana boriti na yeye.
Panya mdomoni, mkia unaning'inia kama kamba ya kiatu.
Uso mweupe: tufaha lililopasuliwa katikati,
mbegu mbili nyeusi.

Akageuza shingo, akanikabili.
Hana kofia. Hacheki. Hapepesi.
Miaka kumi na miwili nawaambia watu tazama hapa,
na kumbe mwenye macho haambiwi.
Kidole kipo juu ya kitufe,
nikasahau kidole ni cha nini.

Nje kunguru wa kwanza akakwaruza koo.
Nikabonyeza.

Kwenye kioo: boriti, vumbi,
na pembeni, palepale penye ukungu wa lenzi,
ncha ya bawa inayoondoka.

Chaurembo akainama kutazama, tochi kwapani.
"Ndiye huyo?"
Ndiye.
"Mbona kama moshi."
Akanyamaza, akavuta kamasi kidogo.
"Kesho kaa upande wa mizani ya zamani.
Hupenda kuingilia dirisha la kule.
Wapo wawili. Yule mwingine mdogo, ana kilema cha mguu."
Kisha kama mtu aliyekamatwa na mali:
"Usimwambie mtu kwamba huwa nawaangalia."

Saa mbili nafungua kibanda.
Mteja wa kwanza kijana wa Mbagala, anakwenda Maskati,
shati la kuazima, kola imemzidi shingo.
Anakaa. Anaficha mikono.
Nataka kumwambia tazama hapa;
naliacha neno mdomoni.

Feni inagonga.
Anainua uso mwenyewe.