Pembe Iliyoliwa na Sisimizi

Wiki tatu turubai lilinikodolea macho,
jeupe, limeegemea friji bovu,
kama mgeni aliyeingia na sanduku
asiseme atalala siku ngapi.

Rangi nilikuwa nazo. Sikukosa rangi.
Nyekundu ya dukani ilitoka kwenye kijibomba
ikakaa papo hapo nilipoiweka,
tiifu, haina la kuniambia.
Nikachora mlango wa Kibokoni, maua na misumari,
ule ule unaopigwa picha na kila ashukaye melini,
nikaufuta kwa tambara kabla haujakauka.

Kisha mvua ya mwezi wa tano.
Bati la Majengo halina siri:
lilidondosha usiku kucha, to, to, to,
na asubuhi, juu ya weupe wangu,
mstari wa kutu umeteremka
ukapinda karibu na kitovu cha picha
kama mtu aliyekumbuka kitu njiani.

Chengo akapanda na lami yake.
"Pole, mama. Imeharibika hiyo."
"Ziba yote," nikamwambia, "bakisha tundu hilo moja."
Alishuka ngazi akinitazama kwa jicho la pembeni
na fedha yake akaidai kamili.

Hapo ndipo nilipogeuka mwizi wa jiko langu.
Manjano ya mchuzi niliyakoroga kwa maji ya ndimu:
siku ya kwanza yaliwaka,
ya nne jua likayalamba, ikabaki harufu.
Hina ilitaka subira niliyokuwa sina.
Chokaa niliiomba kwa waashi wa mtaa wa pili,
nikaichanganya na gundi ya seremala;
ilipokauka ikafanya nyufa, nikatukana,
kisha nikanyamaza:
zilikuwa nyufa za ukuta
wa chumba alichofia nyanya yangu.
Sikuzichora. Zilijijia.

Baba alikuwa mshona kanzu.
Aliniachia kopo la biskuti: nyuzi, mabaki ya melimeli,
na vikaratasi vya vipimo kwa penseli.
*Famau, bega kumi na tisa. Shingo isibane.*
Nilivibandika kimoja kimoja juu ya kutu.
Wengi wao wamekwisha kuvaa ile nguo
isiyoulizwa bega.

Upande wa kulia, nusu ya leso ya mama.
Jina lake limekatika: NILIJUA UTA
Nusu ya pili ndiyo lile tambara
lililoufuta mlango; haisomeki tena kwa rangi.
Kwa hiyo sijui alijua nini.

Mbingu niliipaka mashapo ya kahawa ya Swafiya,
nikasahau kwamba dada yangu
hutia sukari vijiko vitatu.
Sisimizi hawakusahau.
Walikuja kwa safu kutoka dirishani
wakala pembe ya juu, anga yote ya kushoto,
wakaacha njia yao, nyembamba,
iliyonyooka kuliko mkono wangu ulivyowahi kunyooka.
Mmoja alinasa kwenye vanishi.
Yumo. Sikumtoa.

Swafiya alikuja Jumapili, hajavua hata buibui:
"Na hii ni picha ya nini?"
Akasogea. Akainama.
"Shingo isibane," akasoma,
na kidole chake kikasimama hapo.
"Huu si mwandiko wa Baba?"
Akavuta kiti.

Sikumjibu.
Nilikuwa nalitazama kapu lake sakafuni,
gazeti lililofungia bajia,
mafuta yamezama ndani ya habari za juzi
hadi nuru inapenya,
uso wa waziri fulani umekuwa kioo cha dirisha.
"Hilo gazeti," nikasema, "usilitupe."