Ufito

Siku ya soko Luanda karani wa chifu alikuja
na ufito wenye alama moja ya wino.
Kila boma lilidaiwa kijana,
kama kodi ya kibanda, ila hii haikuwa na risiti.
Kichwa kikigusa alama, jina linaandikwa.
Kisipogusa, rudi ukachunge.

Niliitwa kwanza. Nilivaa shuka la baba,
refu hadi kwenye vifundo vya miguu,
na humo ndani nikakunja magoti
kidogo tu, upana wa vidole viwili.
Karani akatema mate. "Huyu bado. Mwingine!"

Mwingine alikuwa Andati,
mdogo wangu kwa mvua mbili,
asiyejua kusimama ila wima.

Mama alikimbia kando ya reli na viazi vitamu
ndani ya jani la mgomba.
Vilirudi nyumbani vikiwa bado vya moto.
Tulivila. Mimi nilivila.

Kutoka Burma ilikuja barua moja, mwandiko si wake:
*Ni mzima. Huku mvua haikomi. Msimuuze ndama.*
Tulikuwa tumeshamuuza.

Miaka minne, kisha koti, buti,
na mtu ndani yake.
Blanketi analikunja pembe nne kabla ya jogoo.
Ukimwita kula, anaitikia kwa namba.
Katikati ya mahindi alichimba handaki
la kumfika kifuani, hakusema la nini;
mama akangoja mvua, akapanda nduma humo.
Wakamtafutia mke kutoka Esirulo.
Wiki ya pili akarudi kwao:
"Mume gani analala chini ya kitanda?"

Chifu alipewa nishani. Ufito sijui uliishia wapi,
labda ulifungiwa mbuzi.

Jana tulikuwa tunajenga ghala.
Andati alikuwa juu, kamba mdomoni,
akashuka bila neno, akaokota fito.
"Simama wima," akaniambia.
Mimi, baba wa watoto watatu, nikasimama.
Akaweka kiganja juu ya utosi wangu,
akakipeleka taratibu hadi kwenye fito,
akatia alama kwa ukucha,
kisha akapima pale kwa vidole.

"Viwili," akasema,
akapanda tena kufunga paa.