Mama Anavua Viatu

Fupi, nyekundu, nyuma imekatwa wima
kama mkate uliopita kisu;
bawa dogo juu ya kioo,
rimu pana zimejaza matao.
Fundi wa Pasua aliishusha vidole viwili,
mama akapima kwa rula ya darasani:
"Nilisema viwili. Hivi ni vitatu."

Mjini Mwalimu Aikande huendesha
kama anayesahihisha madaftari.
Pale kwenye Mnara wa Saa
hata baiskeli za mkaa hutupita.

Lakini lami ikianza kupanda Kibosho
anavua viatu.
Gia ya tatu, ya pili; turbo inavuta pumzi,
inapiga mluzi wa mtu aliyekumbuka deni.
Usukani mzito, mwepesi, tena mzito;
kila punje ya changarawe
naihesabu kwa uti wa mgongo.
Kwenye kona ya kanisa
gurudumu la nyuma, la ndani, linanyanyuka kidogo,
kama mbwa kwenye nguzo.

Juu, anazima. Chuma kinapoa: ti, ti, ti.
Mlima umo winguni, hatuuangalii.
Anavaa viatu, kimoja, kingine,
ananiuliza kama nimemaliza
zile hesabu za sehemu.